Chukua Moja, Rudisha Moja

Watu wa mtaa wetu wa Chanji, hapa Sumbawanga mjini, wakianza kumsifu Mwalimu mbele yangu, natafuta kisingizio cha kuingia ndani. Eti mpole, eti msomi, eti hana makuu. Haya, sawa. Mimi nilimjua kwanza akiwa mwalimu wangu wa baolojia, nikamjua tena akiwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwenye baraza ninaposhonea, na nasema nikiwa na akili zangu timamu: yule mzee ananitia kinyaa. Angekuwa mwizi ningemwelewa. Mwizi unampigia kelele, watu wanakuja, yanaisha. Huyu aliumaliza mteremko wa mama yangu mchana kweupe, watu wakimpigia makofi, na mama yangu akiwa wa kwanza kupiga.

Mteremko wenyewe uko kijijini, nyuma ya nyumba ya mama, upande wa Kaengesa, unashuka taratibu mpaka kijitoni. Ufipa juu haina miti ya kujisifia. Ni nyasi na upepo, na mgeni akipita juu ya lori anasema hapa hakuna kitu. Angekuja Februari, mvua ikishakolea! Maua yalikuwa yanatoka katikati ya nyasi mpaka unakosa pa kukanyaga: ya njano, meupe, ya waridi yenye mikia miwili kisogoni, na mengine ya kijani ambayo huyaoni mpaka uiname. Chini ya kila ua kuna viazi viwili vidogo, na hivyo ndivyo chikanda. Unavitwanga unga, unapika na karanga na magadi na pilipili, kinaganda, unakata vipande kama nyama. Mama zetu walikuwa wakichimba kidogo, akija mgeni au mboga ikikosekana, basi.

Aliyenifundisha kuyaangalia maua yale ni Mwalimu. Hilo sitamnyang'anya. Alikuwa anaingia darasani na sweta la kijani lililojaa mbegu za nyasi, suruali imelowa umande mpaka magotini, maana kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa ameshazunguka mbugani. Fimbo hakuwa nayo. Siku tuliyotoka naye nje, mwanafunzi mmoja akakanyaga ua kwa kiatu, Mwalimu akamwita. "Piga magoti. Liombe radhi." Darasa zima tukacheka. "Ninyi mnacheka? Mmea hauna miguu. Ungekuwa nayo ungekukimbia wewe." Yule mvulana akaomba radhi kweli, kwa sauti, na wiki nzima tulimwita shemeji wa maua.

Mmea hauna miguu: ilikuwa ndiyo kauli yake, mvua, jua. Akitueleza makangaga ya msitu wa Mbizi, jinsi yanavyokauka kijito kikikauka, anamalizia hivyo. Akilalamika kwamba mioto ya nyika siku hizi inawashwa nyasi zikiwa zimekauka mno na inaunguza mpaka mizizi, anamalizia hivyo. Alikuwa ameona mambo ambayo sisi wenyeji tulikuwa tunayapita tu: kwamba mvua imeanza kusogea, kwamba maua fulani yaliyokuwa bondeni sasa yako juu kidogo, penye ubaridi. "Hayajahama," anasema. "Ya chini yamekufa, ya juu yameota. Mkiniandikia kwenye mtihani kwamba yamehama, nawapa sifuri." Na sifuri alikuwa anatoa, bila huruma.

Nyumbani kwake majani makavu yalikuwa yamebanwa kwenye magazeti, yamepangwa chini ya kitanda, juu ya kabati, mpaka jikoni. Nyumba ilikuwa inanuka kama banda la nyasi. Mkewe, mama mmoja mcheshi sana, asubuhi moja ya Kwaresima alikosa cha kuwashia moto, akachomoa furushi. Mwalimu hakusema naye mpaka Pasaka ilipopita. Mkewe ndiye aliyenisimulia, anacheka machozi yanamtoka. "Mwanangu, nilikula Pasaka na bubu!" Mimi nikacheka naye, lakini moyoni nilimwonea Mwalimu huruma. Nilikuwa bado sijamjua.

Sasa sikieni uchafu wake. Mwalimu hakuwa mwongo. Ukimzidishia chenji alirudi kutoka nusu ya njia. Mkubwa mmoja wa mjini alimtaka ambadilishie mwanawe alama, akamtolea nje mlangoni, wote tukasikia. Ukimuuliza jambo, anakujibu lilivyo, hata likukate maini. Ila alikuwa hodari wa kukaa pale ambapo hakuna atakayemuuliza. Alitufundisha kwamba mkaratusi unakunywa maji ya ardhini usiku na mchana, kisha akastaafu akapanda mikaratusi kuzunguka chemchemi ya shamba lake, auze nguzo. Chemchemi ikafa. Jirani yake wa shamba akamfuata kwa ukali: "Mwalimu, si wewe uliyesema hii miti isipandwe kwenye maji?" Akamjibu kwa upole kabisa: "Mimi sikusema isipandwe. Nilisema inakunywa." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Kisha ikaja ruksa. Ndivyo tulivyouita wakati ule, kila kitu ruksa, na wenye nguvu za kufaidi wakafaidi. Mitumba ikamwagwa sokoni Sumbawanga, marobota kwa marobota, na mimi fundi cherehani nikawa wa kushona zipu na kupunguza makalio ya suruali za wafu wa Ulaya. Loo, harufu yake! Vijijini mbolea ya bei nafuu ikakatika, ushirika ukaacha kuja kuchukua mahindi, mahindi yakabunguliwa ndani ya vihenge watu wakiyatazama. Ndipo wakatokea wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, wanapitia Matai na pikapu zao, hawataki mahindi wala ulezi. Wanataka chikanda. Kwao imekwisha, wanasema, na watu wao wanaipenda kufa.

Kijiji chetu hakikukubali mara moja. Tena mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokataa, maana mteremko ulikuwa mikononi mwake na kila mtu aliujua kuwa ndio wenye maua mengi. Alisema kwenye mkutano, "Tukichimba kwa debe, mwakani tutachimba nini?" Wanunuzi hawakubishana naye. Waliondoka, na waliporudi walikuwa wamemkalisha Mwalimu kiti cha mbele kwenye pikapu, na ubao wa kuandikia nyuma.

Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, sweta lilelile. Akachora ua, akachora viazi viwili chini yake, kimoja kigumu kimoja kilichonyauka, vizuri ungesema picha. Akaandika kwa herufi kubwa: CHUKUA MOJA, RUDISHA MOJA. Akasema kila ua lina viazi viwili. Mtu achukue kigumu, hicho ndicho wanunuzi wanachokitaka, na kile kilichonyauka akirudishe shimoni, akifukie, akipigepige udongo kwa kiganja. Hatutamaliza, tutagawana na ardhi. Watu wakapiga makofi. Mama alisimama kabisa. Mwalimu akapewa posho, akala kuku, akarudishwa mjini. Posho hiyo aliipata kijiji baada ya kijiji msimu mzima.

Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimia mama siku hiyo. Nilisimama nyuma ya watu nimeduwaa, kwa sababu picha ile niliikumbuka. Aliichora darasani kwetu, ubao wa shule, chaki hiyohiyo. Alituambia kile kilichonyauka ni cha mwaka jana, kimeshalilisha ua hili, kimekufa au kinakufa. Kile kigumu ndicho kichanga, ndicho kitakachotoa ua la mwakani. "Ukikila hicho," alisema, "umekula ua ambalo halijazaliwa." Na mbegu je? Mbegu yake ni vumbi, haina akiba, inaota moja kwa maelfu, tena kwa miaka. Nilipata maksi zote kwenye swali hilo.

Siku chache baadaye alikuja barazani kwangu na suruali ya kurekebisha. Nikaiweka pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Imeachia hapa kwenye pindo."

"Mwalimu, kile kiazi kizee kinaota?"

Hakupepesa macho. "Hakioti. Unajua hakioti, nilikufundisha."

"Sasa mbona unawaambia watu wakirudishe?"

"Wakirudishe. Kuna ubaya gani kukirudisha? Kinaoza, kinakuwa mbolea."

"Lakini wao wanajua kitaota!"

"Mimi sijasema kitaota," akasema. "Nimesema kirudishwe."

"Basi waambie kwamba hakioti."

Akaangalia barabarani, akajikuna shingo. "Hawajaniuliza."

Angesema anahitaji hela, ningenyamaza. Nani hakuzihitaji? Pensheni yake ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, mkewe alikuwa ameanza kuugua, na hata mimi nilikuwa nimeuza kitanda. Lakini hapana, alitaka hela na alitaka pia kubaki yule asiyesema uongo. Nilimrudishia suruali yake na pindo lake limeachia vilevile, nikamwambia uzi umeniishia. Makopo ya nyuzi yalikuwa yamepangwa mbele yake.

Jumapili ile nikaenda kwa mama nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza huku anapepeta ulezi. "Wewe umemzidi Mwalimu?" akaniuliza.

"Mama, ni yeye mwenyewe aliyenifundisha. Muulize. Ukimuuliza atakwambia."

"Nimuulize! Mtu mzima, mwalimu wa watu, kasimama mbele ya kijiji kasema, halafu mimi niende kumhoji kama polisi? Mwanangu, mji umekuharibu adabu." Akaendelea kupepeta. Mimi ndiye nikaonekana sina heshima.

Basi wakachimba. Ukitaka kuona kinyaa kilivyo, ungekuja kuona mteremko ule msimu wa kuchimba. Wanawake na wanaume wamepiga magoti kuanzia nyumbani mpaka kijitoni, kila mmoja na kijembe chake. Kigumu kwenye debe. Kilichonyauka, cheusi, chenye utelezi, kinarudishwa shimoni taratibu kwa mikono miwili, udongo juu, kiganja, pa, pa, pa. Wengine walikuwa wanafanya na ishara ya msalaba. Walikuwa wanazika maiti na kuzibembeleza ziamke. Mama yangu alikuwa mkali kuliko wote, akikuona umetupa kizee pembeni anakufukuza mteremkoni kwake. Na pikapu zinaondoka zimejaa.

Mwaka wa pili maua yakawa machache, mama akasema ni mvua. Mwaka uliofuata akasema ni moto, kuna mtu kachoma nyasi vibaya. Ukafika mwaka wanunuzi hawakuja tena, wakahamia milima mingine, na mteremko ukabaki nyasi tupu, zile ngumu ambazo hata mbuzi anazinusa na kuziacha. Mama hakukata tamaa. "Vipo chini," anasema. "Mimi nilirudisha vyote kwa mkono wangu."

Ndipo wakaja wafugaji. Sina neno baya nao. Familia ya Baba Kulwa ilitoka Usukumani na ng'ombe zao, watu wa kazi na salamu, wakaomba kijiji mahali pa kulishia. Mwenyekiti wa kijiji akaangalia huku na huku, jicho likatua kwenye mteremko wa mama. Hakuna mtu anayelima pale, hakuna anayechimba. Mama akakataa katakata: ng'ombe wakipita pale watakanyaga chikanda zikiwa zinataka kuota. Ikawa kesi ya miezi. Mwishowe Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema hivi: "Mama, mimi sijui kutofautisha chikanda na magugu. Mvua hizi zikitoa chikanda, hata kama ni chache, mteremko tunauacha, tunaulinda kama mali ya kijiji. Zisipotoa, yanakuwa malisho. Mlete Mwalimu aje aone, na atakachosema yeye tutakifuata sote."

Mvua za mwaka ule zilichelewa, kisha zikaja kwa fujo. Februari mama akanitumia salamu kwa dereva wa lori: yametoka maua matatu. Matatu! Niliacha cherehani na kitambaa cha mtu mezani, nikaenda mpaka nyumba ya tatu. Sikuwa nimeingia pale tangu mazishi ya mkewe. Mwalimu alikuwa amekonda, kikohozi kinamtikisa, magazeti yake yameliwa na mchwa.

"Ya rangi gani?" akaniuliza.

"Waridi, yana mikia miwili nyuma."

Akainuka kwenye kiti kwa haraka hata nikaogopa ataanguka, akalitaja ua lile kwa jina la Kilatini, akaanza kutafuta kofia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nasema ukweli wangu: dakika ile nilikaribia kumsamehe.

Tulifika kijijini Jumamosi kabla ya saa sita. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. "Karibu, Mwalimu, karibu sana. Mgeni haendi mbugani na njaa." Akatupakulia ugali wa ulezi, na pembeni yake sahani ya chikanda, imekatwa vipande, inang'aa. Mimi sikugusa. Nilikuwa nimeacha kula kitu hicho tangu siku ya ubao. Nikadhani ameipata kwa shangazi yetu wa Matai, huko bado zinapita njiani kutoka milima ya mbali. Mwalimu alikula. Alikula kwa furaha, kipande baada ya kipande, mpaka akapangusa sahani kwa tonge. "Hii ndiyo yenyewe, mama," akasema. "Ya sokoni siku hizi wanachanganya na unga wa mahindi." Mama alikuwa anacheka kama msichana.

Mwenyekiti akaja, na Baba Kulwa nyuma yake, kofia mkononi. "Mimi nikiambiwa hapana, nitatafuta pengine," Baba Kulwa akasema. "Sitaki ugomvi na mama." Tukashuka wote mteremkoni, mama mbele. Alikuwa anatembea upesi, anatuonyesha kwa kidole.

"Hapa. Na hapa. Na lile la tatu lilikuwa pale kwenye jiwe."

Tukaangalia. Palikuwa na udongo uliopigwapigwa kwa kiganja, bado mbichi.

"Mama," Mwenyekiti akasema, "maua yako wapi?"

"Nimeyachimba jana. Nimpikie nini Mwalimu? Maharage? Mtu kama huyu anakuja kwangu mara moja nimpe maharage? Nilichanganya na unga kidogo wa chikanda ya zamani niliokuwa nimebakiza, ikatosha sahani." Akamgeukia Mwalimu, uso umemkunjuka. "Lakini nimerudisha, Mwalimu. Kila shimo na lake, kama ulivyotufundisha. Hebu mwambie Mwenyekiti. Vitaota mwakani, sivyo?"

Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza, na sasa ameulizwa. Nilimtazama Mwalimu, na mimi ambaye nilimchukia kwa hila zake nikamwomba Mungu kimoyomoyo amtie uongo mdomoni. Neno moja tu. Sema vitaota, mzee. Sema ndiyo, Mwenyekiti arudi nyumbani, mteremko ulale, labda vumbi la mbegu liliruka kabla mama hajachimba, labda miaka kumi ijayo litoke hata moja. Ulisema nusu kweli kwa ajili ya wanunuzi kijiji baada ya kijiji. Mpe na mama yangu moja.

Akapiga magoti. Akafukua kwa vidole, akatoa kiazi, akakiweka kiganjani na kukibonyeza. Kikapasuka, kikatoa maji meusi.

"Havitaota, mama," akasema. "Hiki ni cha mwaka jana. Kilikuwa kimeshakufa kabla hujakirudisha."

"Na vile vingine?" Mwenyekiti akauliza. "Vya miaka yote?"

"Vyote."

Mama alikuwa bado ana tabasamu, halijapata pa kwenda. "Sasa kinachoota ni kipi?"

"Kile kigumu."

"Kile nilichotwanga."

"Ndiyo, mama."

Baba Kulwa aliinamisha kichwa, anaizungusha kofia yake mikononi. Mwenyekiti akakohoa. "Basi, Mwalimu amesema," akasema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti, anatafuta mahali pa kupangusia vidole, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyejibu swali vizuri. Nilitamani nimsukume mpaka kijitoni.

Mama hakulia. Alipangusa udongo mikononi kwa pindo la kitenge chake cha kanisani, akamtazama.

"Umeshiba lakini, Mwalimu?"